Podikasti za mapenzi na kuachwa: mbona Kifaransa chake kinaingia kuliko cha darasani?

Binti wa Upanga
Wakuu, habari za jioni.

Naweka dai, mnaojua zaidi mnisahihishe. Kwa mtu mzima anayejifunza Kifaransa akiwa Dar, podikasti ambayo mtu anasimulia alivyopendwa, akatendwa, akaachwa, inamfundisha kuliko taarifa ya habari na kuliko kitabu cha mazoezi.

Mimi niko A2 naelekea B1, yaani natoka ngazi ya mwanzo naingia ya kati. Darasani nafanya vizuri tu. Lakini nikifungua habari za Kifaransa, maneno karibu yote nayajua na bado habari inanipita. Waziri kasema nini, wapi, kuhusu nini, sishiki. Halafu nafungua Transfert, ile podikasti ya Slate.fr iliyoanza 2016, ambayo kila kipindi mtu wa kawaida anasimulia jambo lililompata mwenyewe. Nachagua za mapenzi. Msimuliaji anaongea haraka, anameza maneno, kuna mahali sauti inakatika kabisa, na mimi nimebanwa kwenye daladala la Mwenge nafuata kila hatua: nani kamuacha nani, lini alianza kushuku, alimwambia nani kwanza. Maneno nisiyoyajua ni mengi kuliko ya kwenye habari, lakini sipotei.

Sasa nauliza: ni mapenzi yenyewe yanayofundisha, au kuna kitu kingine hapo ambacho mimi nakiona ni mapenzi?

Mzee wa Kanzu
Dada, dai lako lina tundu. Sisi tuliokulia Magomeni tumesikiliza rumba ya Kongo tangu utotoni. Tumeicheza harusini, tumelia nayo tulipopigwa kibuti. Nyimbo nyingi ni za mapenzi. Nitajie basi watu wangapi mtaani kwetu wanaongea Kilingala. Tunaimba kiitikio chote kwa sauti na hatujui tunasema nini. Mapenzi yangekuwa yanafundisha lugha, Dar na Nairobi zote zingekuwa zinaongea Kilingala leo.

Chachandu
Mzee wa Kanzu kapiga penyewe. Ila kabla hatujaenda mbali, nani kamtenda Binti wa Upanga? Mtu hachagui vipindi vya kuachwa hivi hivi.

Binti wa Upanga
@Chachandu hakuna aliyenitenda, mume wangu yupo na salamu zako kazipata. @Mzee wa Kanzu hoja ya rumba ni nzito, sina jibu. Nasubiri wengine.

Mwalimu wa Nyakati
Nafundisha Kifaransa sekondari, niingie hapa.

Mzee wangu, wimbo na simulizi ni vitu viwili. Wimbo unarudia mistari michache na maneno yanavutwa yafuate ala. Simulizi inakwenda: ikawa hivi, likafuata hili, hatimaye lile. Na wanafunzi wangu wengi wanakwama hapo hapo, kwenye nyakati zilizopita. Kuziunda wanajua. Ipi itumike wapi, ndiyo kazi. Tazameni hii, nimeitunga sasa hivi kwa mtindo wa mtu aliyeachwa:

« On était bien, on mangeait ensemble tous les dimanches, je ne me doutais de rien. Et un soir il est rentré, il a posé ses clés sur la table et il m'a dit qu'il partait. »

Vitenzi vitatu vya kwanza viko kwenye imparfait: tulikuwa na raha, tulikuwa tunakula pamoja kila Jumapili, nilikuwa sishuku chochote. Kisha linakuja « un soir », na papo hapo tunahamia passé composé: akarudi, akaweka funguo mezani, akaniambia anaondoka. Mapenzi yamekaa katika wakati mmoja, kuachwa kumekaa katika mwingine. Mwanafunzi hahitaji kukariri kanuni, anasikia kwa masikio yake pale maisha yalipogeuka. Kwenye habari mgawanyo huo hautokei wazi hivyo.

Kuna la pili. Mtu aliyeachwa hujuta, na majuto ya Kifaransa yana umbo lake: « Si j'avais su, je serais restée. » Nikiwaeleza kwa Kiingereza, darasa zima linakunja uso. Nikiandika ubaoni « Ningalijua, ningalibaki », wanatulia, kwa sababu -ngali- wanayo tangu nyumbani. Kitabu cha mazoezi kitakupa sentensi mbili za aina hiyo kisha kinahamia sura nyingine. Mtu mwenye majuto atakupa bila kuchoka mpaka kipindi kiishe.

Kijana wa Ngaramtoni
Mwalimu umefafanua vizuri, ila mimi niko upande mwingine. Naongoza watalii huku kaskazini, Wafaransa na Wabelgiji ninao wengi. Mgeni akiwa Ngorongoro anauliza kwa nini twiga hawaonekani chini ya kreta, faru anakula nini, simba jike anawinda saa ngapi. Podikasti za mapenzi hazina faru. Kuna mwenzangu anaweza kueleza chagrin d'amour, uchungu wa mapenzi, kwa Kifaransa safi kabisa. Siku gari lilipopata pancha hakuwa na neno la tairi wala la jeki, akabaki anaonyesha kwa kidole.

Mimi kimeniingia kwa kurudia maelezo yale yale ya wanyama, leo kwa hawa, kesho kwa wale, mpaka mdomo ukazoea. Kwa hiyo naamini kinachofundisha ni kurudia. Mapenzi yanakufanya urudi kusikiliza tena, basi.

Lakini niseme haki. Usiku kambini, wakishakula, wageni hawaongei faru tena. Wanaongea talaka, watoto wakubwa wasiopiga simu, mtu waliyepanga kuja naye safari akaghairi. Saa hizo mimi nakwenda kulala, na yule mwenzangu anakaa nao mpaka moto unakaribia kuzima. Bahashishi zake si haba.

Nesi wa Kisumu
Hamjambo. Mimi naulizia mtihani. Najiandaa na TCF Canada, mtihani wa Kifaransa wa kuhamia Kanada, natafuta NCLC 7 kwenye vipimo vyao vya lugha, maana tangu 2023 Kanada wana mialiko ya Express Entry, mfumo wao wa uhamiaji, ya wanaojua Kifaransa. Sehemu ya kusikiliza ni maswali 40 na sauti inapita mara moja tu. Hizi podikasti zitanisaidia au nitakuwa namaliza bando? Halafu mwalimu wangu wa mtandaoni amenikataza « septante », yaani sabini, anasema ni ya Wabelgiji na Waswisi tu.

Sikio Kali
@Nesi wa Kisumu, turekebishe kidogo. Maswali 40 ni ya TEF Canada, mtihani mwingine wa aina hiyo, na muda wake dakika 40. TCF Canada kusikiliza ni maswali 39 ndani ya dakika 35. La kusikia mara moja uko sahihi, na ndiyo tofauti yake kubwa na mtihani wa cheti cha DELF B1, ambako unasikia mara mbili. Maswali ya TCF yanaanza rahisi yanapanda. Ya juu kabisa ni watu wanaojenga hoja kwa urefu, wala hakuna anayelia. Kwa hayo jaribu Le Cœur sur la table ya Victoire Tuaillon, ya Binge Audio, 2021. Ni mapenzi vile vile, lakini yanachambuliwa: kwa nini tunapenda tunavyopenda, nani anabeba mzigo gani ndani ya uhusiano. Watafiti wanaongea humo, lugha ni nzito.

@Binti wa Upanga, hujasema ni habari gani unazofungua. Kama ni Journal en français facile ya RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, wengi hudanganywa na hilo neno facile, yaani rahisi. Ni dakika 10 kila siku, wanafafanua baadhi ya maneno, lakini ni taarifa kamili ya habari za dunia. Mtu wa A2 lazima atoe jasho. Na nadhani kinachokupoteza hapo ni majina. Ndani ya dakika 10 unakutana na marais, majimbo, vyama, mahakama, majenerali, na kila habari mpya inakuja na watu wapya. Kuachwa kunahitaji watu wawili, wakizidi watatu. Ukishawajua, kila « il » na « elle » ina mwenyewe mpaka mwisho wa kipindi. Mimi ningelitafuta jibu hapo kabla ya moyo.

Binti wa Upanga
Ndiyo hiyo hiyo ya RFI. Hili la majina sikuwa nimelifikiria kabisa. Asante.

Mwana wa Goma
Jambo bandugu. Huyo mwalimu wa mtandaoni arekebishwe: septante na nonante (tisini) ndizo tunazohesabia huku Kongo, na Rwanda na Burundi vile vile, tulizipata kwa Wabelgiji. Tunaishi nazo sokoni na benki. Themanini tunasema quatre-vingts kama Wafaransa. Huitante, themanini nyingine, ni ya baadhi ya majimbo ya Uswisi.

Kuhusu mada: Kifaransa mnachokisikia kwenye podikasti hizo ni cha Ufaransa, na mara nyingi cha Paris. « Je suis » inakuwa « chuis », « je ne sais pas » inakuwa « chais pas », « il y a » inabaki « y a ». Mtu aliyesoma darasani anadhani ni lugha nyingine. Nadhani dada wa Upanga amefaidika hapo bila kujua. Mtu mwenye uchungu hapangi sentensi, anaongea kama anaongea na dada yake jikoni, kwa hiyo sikio linakutana na Kifaransa kilivyo. Msomaji wa habari anatamka kila herufi kama anasoma hati ya mahakama.

Ila msisahau sisi wengine. Mwanamume wa hapa akiwa na mwanamke wa pembeni, tunasema ana deuxième bureau. Sikiliza podikasti za Paris mwaka mzima, hilo hutalipata.

Chachandu
Ofisi ya pili! Na sisi tuna nyumba ndogo, Wakenya wana mpango wa kando. Kila nchi imejenga.

Msomaji wa Usiku
Nimesoma kidogo mambo haya ya ujifunzaji lugha, niongeze mawili yanayopingana.

Stephen Krashen, mtaalamu wa lugha wa Marekani, anashikilia kwamba lugha inaingia tunapoelewa ujumbe, na kwamba woga na wasiwasi vinaizuia. Mwaka 1996 alipendekeza mwanafunzi asikilize mada moja anayoipenda kutoka kwa wasemaji mbalimbali, tena na tena, badala ya kurukaruka. Anachofanya Binti wa Upanga kinafanana sana na hicho. Kwa Krashen mada ingeweza kuwa mpira au mapishi, ilimradi uipende na uielewe. Na hilo linamjibu Mzee wa Kanzu: Kilingala cha rumba hakikueleweka, kwa hiyo kilipita tu.

Upande wa pili ni Merrill Swain, mtafiti wa Kanada. Kule Saint-Lambert, Quebec, mwaka 1965 walianzisha madarasa ambayo watoto wanaoongea Kiingereza wanasomeshwa masomo yao kwa Kifaransa. Programu ikasambaa. Baada ya miaka mingi watoto walikuwa wanaelewa Kifaransa karibu sawa na wenyeji, lakini wakiongea au kuandika, makosa ya jinsia na vitenzi yapo pale pale. Mwaka 1985 Swain akasema kusikia hakutoshi, mtu lazima alazimike kutoa maneno mwenyewe. Kwa hiyo, dada, ukipimwa kusikiliza utafurahi. Ukiambiwa usimulie wewe, ndipo tutajua kilichoingia.

Na Mwalimu wa Nyakati, hili utalipenda: walipochunguza madarasa hayo waliona walimu wenyewe walitumia zaidi wakati uliopo. Wakati uliopita ulisikika kwa nadra.

Mwalimu wa Nyakati
Nimelipenda na limenihuzunisha, maana hata mimi nikisimama darasani ni ouvrez, fermez, écoutez: fungueni, fungeni, sikilizeni. Naunga mkono Swain kwenye kutoa. Kuna zoezi nawapa wanafunzi: sikiliza dakika tatu, zima, simulia kwa mdomo ukijifanya wewe ndiye uliyeachwa. Ukisema « je », mimi, kitenzi kinakubana. Wavulana mwanzoni wanacheka, baadaye ndio wanaosimulia kwa uchungu kuliko wasichana.

Sauti ya Mombasa
Nyote mmezunguka jambo moja. Sisi watu wa pwani hadithi ya kuachwa tunaijua kabla haijasimuliwa. Tumelelewa na taarab. Tunajua atasifiwa kwanza, atashukiwa, atatokea jirani mwenye maneno, kutakuwa na ahadi iliyovunjwa, kisha mafumbo. Mfaransa akifungua mdomo kueleza alivyosalitiwa, mimi nipo hatua moja mbele yake, nasubiri tu lugha inifikie. Wakati habari ya bajeti ya Ufaransa, hata ikitafsiriwa kwa Kiswahili, siielewi.

Na Mzee wa Kanzu, mbona hukutaja Kihindi? Hapa Mombasa wapo wazee waliokipata kwenye filamu za mapenzi tu, wakikaa sinema usiku hadi usiku. Wanaelewa, na baadhi wanajibu.

Mzee wa Kanzu
Mwanangu wa Mombasa, hao wazee walikuwa wananunua unga na kitambaa kwa nani? Kihindi walikisikia kwenye filamu usiku, asubuhi wakakikuta dukani kwenye kaunta. Filamu peke yake isingewafikisha. Wakongo wa kuongea nao Kilingala kila siku hatukuwa nao Magomeni. Na zile tamthilia za Amerika ya Kilatini zilizotukausha machozi enzi zile, nani alitoka na Kihispania? Zilikuja zimeshatiwa sauti za Kiingereza.

Naanza kuona kwamba kinachohitajika ni mtu wa kumjibu.

Bujumbura Kwetu
Habari zenu. Kwetu Burundi Kifaransa ni cha shule, tunakianza tukiwa wadogo. Miaka mingi kilikuwa imla na vitenzi. Niliona wenzangu wanakitia moyoni tulipofika umri wa kuandikiana barua. Barua za mapenzi tuliziandika kwa Kifaransa. Mtu anayekupigia Kirundi kizuri siku nzima, akitaka kukutamkia anapenda, anageukia Kifaransa, na akitaka kukuacha pia. Dada yangu alikuwa anaandikia wenzake, analetewa kalamu na daftari, anauliza kwanza « unampenda kweli au unamtaka tu? » kisha ndipo anachagua maneno. Kifaransa chake mpaka leo hakishikiki.

Kwa hiyo mimi nasema si kusikiliza wala kurudia. Ni kuwa na jambo lako mwenyewe la kusema ambalo unaona aibu kulisema kwa lugha ya mama.

Msomaji wa Usiku
@Bujumbura Kwetu umegusa kitu kilichochunguzwa. Jean-Marc Dewaele, akiwa chuo cha Birkbeck, London, aliwauliza watu wa lugha nyingi « nakupenda » ina uzito zaidi kwa lugha gani. Matokeo yalitoka 2008, na karibu nusu yao walisema lugha ya kwanza. Lugha iliyokuja baadaye ni nyepesi zaidi moyoni, labda ndiyo maana ni rahisi kujificha ndani yake.

Lakini hili linaiharibia nadharia ya « mapenzi yanagandisha maneno ». Kama Kifaransa hakimuumi Binti wa Upanga kama Kiswahili kinavyomuuma, basi hisia hazifanyi kazi yote tunayozipa.

Binti wa Upanga
Nitajibu hili kwa ninavyolipata. Kifaransa hakiniumi, kweli. Anayeniuma ni yule mtu. Ninaposikia ananyamaza katikati ya sentensi, namsubiri. Na nikimsubiri mtu, neno atakalolitoa baada ya kimya silisahau. Sijui wataalamu wanaliitaje hilo, ila kwenye habari hakuna anayenyamaza.

Sikio Kali
Hapo nakubaliana nawe, na nina sababu isiyo ya kimoyo: ule unyamavu unalipa sikio nafasi ya kushughulikia kilichotangulia. Msimulizi anapumua, anarudia, anajisahihisha. Wanaoona Transfert bado ngumu waanzie InnerFrench ya Hugo Cotton, iliyoanza 2017. Yote ni Kifaransa, anaongea taratibu, maandishi ya kila kipindi yapo. Siyo ya mapenzi peke yake. Sikiliza kwanza bila maandishi, kisha nayo, kisha bila tena. Pakua ukiwa kwenye waifai, usichome bando barabarani.

Kijana wa Ngaramtoni
Kuna ya magari? Nauliza kweli. Ya mtu aliyeachwa na mpenzi wake gari likiwa limeharibika njiani ingetufaa wote.

Nesi wa Kisumu
Ya magari sijui, ila ya Quebec naitaka. Nikishafika huko, Kifaransa cha Paris kitanitosha kwa wagonjwa?

Sikio Kali
Utaelewana nao, ila zoea sauti mapema, irabu zao ni nyingine kabisa. Mapenzi pia wana maneno yao: mpenzi wa kike ni « ma blonde » hata awe na nywele nyeusi tii, wa kiume ni « mon chum », na wanasema « tomber en amour » pale Mfaransa anaposema « tomber amoureux », kuanguka katika mapenzi. Tafuta vipindi vya Radio-Canada, changanya na vya Ufaransa tangu sasa, maana TCF inaweza kukuletea lafudhi zaidi ya moja.

Mwana wa Goma
Na vya kwetu pia changanyeni. Mkipata Mkongo anasimulia alivyoachwa, atawapa Kifaransa, Kiswahili na Kilingala kwenye pumzi moja, Mzee wa Kanzu apate na cha kwake.

Mwalimu wa Nyakati
Nakubaliana na karibu kila mtu humu na hilo linanisumbua, maana hamkubaliani ninyi kwa ninyi. @Bujumbura Kwetu, kama dada yako amehifadhi hata barua moja, akifuta majina anaweza kuniruhusu niipeleke kidato cha tatu? Ya kuacha ingefaa zaidi kuliko ya kutongoza.

Bujumbura Kwetu
Nimemuuliza sasa hivi. Anasema za kutongoza aliwapa wenyewe zote, za kuacha anazo rasimu mbili. Ila anauliza wanafunzi wako wamefika kwenye subjonctif, ile hali ya kitenzi baada ya « lazima », kwa sababu zimejaa « il faut que tu comprennes », lazima uelewe.